Vyaelea Vimeundwa: Mafuta Yasiyokuwamo Ndani ya Mwamba

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi wa kemia na jiolojia, mabibi na mabwana,

Asanteni kwa kunialika. Mada niliyopewa ni uchambuzi wa kikemia wa shale ya mafuta na mafuta yatokanayo nayo, na naomba nianze na neno moja katika mada hiyo ambalo huwapotosha watu wengi. Neno lenyewe ni "mafuta". Mtu akisikia "shale ya mafuta" hudhani ni jiwe lililolowa mafuta kama kitambaa cha fundi wa magari, kwamba ukilikamua kwa nguvu za kutosha yatachuruzika. Nimekuja na kipande. Kipokezaneni, kila mmoja akishike. Ni kikavu, kina matabaka membamba kama kurasa, na hakiachi doa kwenye karatasi. Mkikisaga kikawa unga, mkauchemsha unga huo siku nzima ndani ya kloroformu, mtapata kimiminika cha rangi ya chai. Mkikausha kimiminika hicho mtabaki na utando mweusi kidogo chini ya chombo. Utando huo ndio bitumeni, na ni sehemu ndogo tu ya vitu vya asili ya viumbe vilivyomo. Vilivyobaki, ambavyo ni vingi, havikuyeyuka. Hata mkibadilisha kiyeyushi mara kumi, havitayeyuka.

Hivyo visivyoyeyuka ndivyo kerojeni. Neno hilo lilibuniwa na mkemia Mskoti, Alexander Crum Brown, mwaka 1906, kwa ajili ya shale za huko Uskoti, akilitoa katika Kigiriki kwa maana ya kinachozaa nta. Alichagua vizuri. Hakukiita mafuta. Alikiita kinachozaa.

Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Walikuwa wakizungumzia vyombo vya baharini, lakini mimi kila ninapotazama neli ya kupimia, nikaona utepe wa kahawia umekaa juu ya maji, hulikumbuka neno hilo. Mafuta yale yanayoelea yameundwa, dakika chache zilizopita, ndani ya chungu changu, kwa moto niliouwasha mimi na kwa mwendo niliouchagua mimi. Yote nitakayosema leo yanatoka hapo: kiasi cha mafuta tunachokiandika kwenye ripoti ni matokeo ya mwamba pamoja na namna tulivyouuliza. Anayeandika kiasi hicho bila kusema aliuliza vipi, ameandika nusu ya jibu.

Kabla sijaendelea, niondoe mkanganyiko mmoja. Yapo mafuta yanayochimbwa kwa wingi Marekani kwa kupasua miamba migumu kwa maji yenye shinikizo. Watu huyaita nayo mafuta ya shale, na mkanganyiko wa majina ni mkubwa. Hayo ni mafuta ghafi kamili. Ardhi yenyewe iliyapika kwa mamilioni ya miaka, yakakwama tu ndani ya mwamba. Mwamba wetu ni mwingine. Huu haukuzama chini vya kutosha, kwa hiyo haukupata joto la kutosha. Ni chungu kilichotengwa mafigani, moto usiwashwe. Sisi ndio tunaouwasha.

Watu walilijua jambo hili zamani. Huko Uingereza mwaka 1694 ilitolewa hataza ya kutengeneza lami na mafuta "kutokana na aina fulani ya jiwe". Lakini kisa ninachokipenda zaidi, na ambacho kila mchambuzi anapaswa kukijua, ni cha Edinburgh mwaka 1853. Katika shamba la Torbanehill palikuwa na madini meusi ya kahawia, leo tunayaita torbaniti, ndugu wa karibu wa shale ya mafuta. Mwaka 1850 James Young alikuwa amepata hataza ya kutengeneza mafuta ya parafini kwa kukeneka, yaani kupasha moto na kuupoza mvuke unaotoka, makaa ya namna hiyo kwa moto wa taratibu, na kiwanda chake pale Bathgate kikaanza kazi. Ghafla jiwe likawa mali. Wenye shamba, familia ya Gillespie, walikuwa wamemkodisha James Russel haki ya kuchimba makaa ya mawe na vitu vingine vilivyotajwa katika mkataba. Sasa wakadai: hili si makaa ya mawe, kwa hiyo halimo katika mkataba. Kesi ikaenda mahakamani.

Wakaitwa wakemia, wanajiolojia, na watu wa hadubini, upande huu na upande ule. Wengine waliapa ni makaa, wengine wakaapa si makaa. Baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba mpangaji ana haki. Mimi nikiisoma kesi ile sioni kwamba kulikuwa na waongo pale. Aliyetazama kwa hadubini aliona tembe za njano zisizofanana na kuni zilizogeuka makaa. Aliyechoma aliona linawaka kama makaa. Aliyekeneka alipata gesi na mafuta mengi kuliko makaa yoyote aliyoyajua. Kila mmoja aliuliza swali lake, akapata jibu la swali lake, kisha akasimama kizimbani akalisema kana kwamba ndilo jibu la pekee. Hatari hiyo ingalipo katika maabara zetu hadi leo.

Sasa twende kwenye moto wenyewe. Kipimo kilichotawala kazi hii kwa miongo mingi ni cha Franz Fischer, Mjerumani yule yule ambaye jina lake linatajwa pamoja na la Tropsch, mkemia aliyebuni naye njia ya kutengeneza mafuta kutokana na gesi. Mwaka 1920, pamoja na Hans Schrader, alieleza kipimo cha kukeneka makaa ya mawe kwenye chungu kidogo cha alumini. Baadaye Idara ya Migodi ya Marekani ikakirekebisha kwa ajili ya shale. Utaratibu wake ni huu: unachukua gramu 100 za mwamba uliopondwa ukapita kwenye chekeche la milimita 2.38. Unazifungia ndani ya chungu cha alumini, kwa kuwa alumini hueneza joto sawasawa na bado iko mbali na kiwango chake cha kuyeyuka. Unapandisha joto kwa nyuzi 12 za Selsiasi kila dakika mpaka nyuzi 500, kisha unalishikilia hapo dakika 40. Mvuke unaotoka unapozwa kwa barafu na kuangukia kwenye neli yenye alama. Unaizungusha neli kwenye sentrifuji ili maji yajitenge na mafuta. Unasoma, unapima uzito, unaandika.

Ni kipimo rahisi, na urahisi wake ndio mtego. Kila namba niliyotaja hapo ni uamuzi wa mtu, na ukiibadilisha moja, mafuta hubadilika. Ndani ya kerojeni, kuanzia takriban nyuzi 350, vifungo dhaifu huanza kukatika. Vipande vinavyotoka kwanza ni vizito na vyenye kunata. Vikipata njia ya kutoka upesi, unapata mafuta mengi, mazito, ya rangi nzito. Vikikawia ndani ya mwamba wa moto, vinavunjika tena na kushikamana tena: sehemu hugeuka gesi, sehemu hugeuka mafuta mepesi, na sehemu hurudi kuwa kaboni nyeusi iliyoganda juu ya madini, ambayo haitatoka tena. Ndiyo sababu kupasha polepole hutoa mafuta machache lakini mepesi. Kampuni ya Shell ilijaribu jambo hili kwa kipimo kikubwa huko Colorado, ikipasha mwamba ungali ardhini kwa muda mrefu sana, na mafuta yaliyopatikana yalikuwa mepesi kuliko yale ya tanuri za kawaida. Mradi huo ulifungwa mwaka 2013. Mwamba ulikuwa ni ule ule unaojulikana miaka yote; ila mwendo wa moto ulikuwa mwingine, na kwa hiyo mafuta yakawa mengine.

Tena msidhani mafuta yanayopatikana kwa kipimo cha Fischer ndiyo kikomo cha mwamba. Shale nyeusi za kipindi cha Devoni, mashariki mwa Marekani, hutoa kwa kipimo hicho takriban theluthi moja tu ya kaboni yake kama mafuta. Zilipopashwa chini ya hidrojeni yenye shinikizo, mafuta yaliongezeka sana, hata kukaribia maradufu. Kwa hiyo mkisoma mahali pameandikwa kwamba tanuri fulani lilipata "asilimia 110 ya Fischer", msishtuke na msiite uongo. Asilimia mia ya Fischer ni kijiti cha kupimia tu. Mwamba wenyewe haukijui.

Naomba sasa tufanye hesabu moja pamoja, ya kubuni, ili tuone jambo linalonikera. Tuseme katika gramu 100 za mwamba nimebaki na gramu 84.5 za masazo ndani ya chungu, nimekusanya gramu 10 za mafuta na gramu 1.5 za maji. Jumla ni gramu 96. Gramu 4 ziko wapi? Kwenye fomu kuna safu ya kuzihifadhi, inaitwa "gesi na upotevu", na hujazwa kwa kutoa. Hakuna aliyezipima. Ndani ya gramu hizo nne kuna hidrojeni, methani, kaboni dioksidi, salfidi hidrojeni yenye harufu ya mayai yaliyooza, mvuke wa petroli nyepesi ambao barafu haikuweza kuukamata, na pia makosa yangu yote: kizibo kilichovuja, tone lililobaki kwenye bomba, mizani isiyosawazishwa. Vyote vimevikwa nguo moja. Kwa mwenye haraka, safu hiyo ni faraja. Mimi nasema ndiyo safu ya kwanza kuisoma. Ikicheza kutoka kipimo hadi kipimo cha sampuli moja, basi hata mafuta yaliyosomwa kwa makini hayana heshima.

Na kabla hatujaiacha hesabu hiyo: gramu 10 za mafuta yenye msongamano wa 0.92 ni takriban mililita 10.9, yaani karibu lita 109 kwa kila tani ya mwamba. Msongamano huo nao lazima upimwe. Nimeona watu wakiukopa kwenye jedwali la mwamba wa nchi nyingine.

Sasa madini. Hapa niwakiri jambo langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana katika maabara ambayo sitaitaja, nilipewa unga wa kijivu nipime kiasi cha vitu vya asili ya viumbe. Nikafanya nilichofundishwa kwa makaa ya mawe: nikapima uzito, nikauchoma kwenye tanuri kwa nyuzi 950 mpaka ukawa mweupe, nikapima tena. Uzito ulikuwa umepungua sana, nikaandika kwa furaha kwamba mwamba ni tajiri. Mkuu wangu hakusema neno. Alichukua kidogo cha unga ule ambao haujachomwa, akaudondoshea asidi ya hidrokloriki, ukachemka povu. Nikaelewa, na ripoti ilikuwa imeshatoka. Ilibidi tuiite irudi, tumweleze mwenye sampuli kwamba mwamba wake, kwa sehemu kubwa, ulikuwa chokaa.

Kalsiti tupu, yaani madini ya chokaa, isiyo na chembe ya kerojeni, ikichomwa mpaka mwisho hupoteza asilimia 44 ya uzito wake, yote ikiwa kaboni dioksidi. Dolomiti hupoteza karibu asilimia 48. Na shale nyingi mashuhuri za mafuta zimejaa kaboneti hizo. Ile ya Green River, katika majimbo ya Colorado, Utah na Wyoming, kwa kweli ni tope la chokaa na dolomiti kutoka maziwa ya takriban miaka milioni 50 iliyopita zaidi kuliko kuwa shale kwa maana ya wanajiolojia. Kwa hiyo kaboni lazima itenganishwe: iliyo ya kaboneti upande mmoja, iliyo ya viumbe upande wa pili. Unaweza kuiondoa ya kaboneti kwa asidi kwanza, kisha ukachoma kilichobaki. Au ukapima kaboni yote, ukapima kaboni dioksidi inayotolewa na asidi, ukatoa. Njia zote mbili zina kasoro zake, na ndiyo maana mimi hupenda kufanya zote mbili pale sampuli inapokuwa ya kutosha.

Mwamba huo huo wa Green River una mtego mwingine. Katika sehemu zake kuna nakoliti, ambayo ni magadi ya aina ya bikaboneti ya sodiamu, ile ile inayoumua mikate. Huanza kuvunjika kwenye joto dogo tu, karibu na lile tunalotumia kukaushia sampuli, na kutoa maji na kaboni dioksidi. Anayekausha bila kujua hupoteza uzito akaita unyevu. Asiyekausha huyakuta maji hayo kwenye neli ya Fischer akayaita maji ya mwamba. Maji kwenye neli ile, kwa hakika, yana baba watatu: unyevu wa kawaida, maji yaliyofungwa ndani ya udongo na madini, na maji yaliyozaliwa na oksijeni ya kerojeni yenyewe. Neli haiwatofautishi.

Mtu akitaka kuijua kerojeni yenyewe, hana budi kuivua madini yote: asidi ya hidrokloriki kwa kaboneti, kisha asidi ya hidrofloriki kwa mchanga na udongo. Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya wanafunzi. Hidrofloriki haina mzaha hata chembe. Inaweza kukugusa usisikie uchungu mara moja, huku ikipenya nyama ikitafuta kalsiamu ya mwili wako mpaka mfupani. Asifanye mtu kazi hiyo peke yake, asifanye bila jeli ya glukonati ya kalsiamu kuwa karibu na mkono, na asifanye kwa sababu tu ameona wengine wanafanya. Na baada ya taabu yote hiyo, pairiti, yaani salfidi ya chuma, hubaki pale pale, maana asidi hizo mbili haziigusi. Ukipima salfa ya kerojeni bila kuikumbuka pairiti, umeipima salfa ya jiwe.

Ukishaipata kerojeni safi, pima hidrojeni yake dhidi ya kaboni. Nikiruhusiwa namba moja tu kuhusu mwamba nisioujua, nitaomba hiyo. Kerojeni ya Green River, iliyotokana na mwani na vijidudu vya ziwani, ina takriban atomu tatu za hidrojeni kwa kila atomu mbili za kaboni, na karibu theluthi mbili ya kaboni yake hugeuka mafuta kwenye chungu cha Fischer. Kerojeni iliyotokana na miti ina hidrojeni haba, na moto huigeuza gesi na makaa. Van Krevelen, Mholanzi, alichora uwiano huo wa hidrojeni kwa kaboni dhidi ya ule wa oksijeni kwa kaboni alipokuwa akichunguza makaa ya mawe, na mchoro wake tunautumia mpaka leo kwa kerojeni. Hidrojeni ndiyo mtaji. Mwamba usio na mtaji, hata ukiwa mweusi tititi kwa kaboni, hautakupa mafuta.

Kuna mashine ya Rock-Eval, iliyotoka katika taasisi ya petroli ya Ufaransa miaka ya 1970, ambayo kwa chembe ndogo ya unga, chini ya gramu moja, na kwa muda mfupi hukuambia mengi ya haya. Naiheshimu na naitumia kuchambua sampuli nyingi kwa haraka. Haikusanyi mafuta chupani, basi. Inahesabu mvuke unaowaka. Anayehitaji kujua mafuta yatakuwa ya namna gani lazima arudi kwenye chungu.

Tumefika kwenye mafuta yenyewe, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo mwamba unaposimulia habari zake. Ukiyapitisha kwenye kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika kimoja kimoja, utaona kwenye karatasi vilele viwili viwili, vimesimama kwa jozi kama mapacha, kutoka mwanzo wa karatasi hadi mwisho. Katika kila jozi mmoja ni alkani, mnyororo wa kaboni uliojaa hidrojeni, mwenzake ni alkeni, yenye idadi ile ile ya kaboni lakini iliyopungukiwa hidrojeni. Ni alama ya moto. Mnyororo mrefu ulipokatika, ncha moja ilipata hidrojeni na nyingine ikakosa. Mafuta ghafi ya visimani karibu hayana alkeni kabisa, kwa kuwa ardhi ilikuwa na muda wa kutosha kumaliza kazi yake. Ukiletewa chupa usiyojua ilikotoka, ukawaona mapacha hao, ujue imepita kwenye tanuri.

Alkeni hizo ndizo pia zinazoyafanya mafuta haya yasitulie. Yakitoka ni mekundu ya kahawia na yanapitisha mwanga. Ukiyaacha kwenye chupa ya kioo dirishani, baada ya wiki chache yatakuwa meusi na chini kutakuwa na gundi. Oksijeni ya hewa, alkeni, na nitrojeni ya aina ya piroli hushirikiana katika kazi hiyo. Kwa hiyo namba yoyote ya mafuta ya shale isiyo na tarehe ya kukenekwa na tarehe ya kupimwa haitoshi. Yahifadhini gizani, kwenye baridi, chini ya nitrojeni, na muandike kwamba mlifanya hivyo.

Nitrojeni ina mkasa wake. Mafuta ya Green River yana takriban asilimia 2 ya nitrojeni, kiasi kikubwa mara nyingi kuliko mafuta ghafi ya kawaida, na nitrojeni hiyo hutia sumu vichocheo vya viwanda vya kusafishia mafuta. Sehemu kubwa imejificha ndani ya pete za atomu: piridini, kwinolini, na jamaa zake. Sasa wengi wetu tulifundishwa njia ya mkemia Kjeldahl ya kupima nitrojeni, aliyoitangaza mwaka 1883 akiwa katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen. Ni njia bora kwa nafaka na nyama. Lakini nitrojeni iliyofungwa ndani ya pete haikubali upesi kugeuka amonia. Usipochemsha kwa muda mrefu na kwa kichocheo kinachofaa, Kjeldahl itakupa namba ndogo, nzuri, na isiyo kweli. Njia ya Dumas, ya kuchoma kila kitu na kuipima gesi ya nitrojeni yenyewe, ni salama zaidi hapa. Ipimeni nitrojeni kwa njia zote mbili mara moja tu maishani mwenu, mkaone tofauti kwa macho yenu, hamtaisahau.

Salfa nayo hufuata historia ya matope. Pale palipokuwa na chuma kingi, chuma kiliikamata salfa ikawa pairiti. Pale palipokuwa na chokaa tupu na chuma haba, kama katika miamba ya Jordan, salfa ilikosa pa kwenda ikaingia ndani ya kerojeni, na leo inatoka ndani ya mafuta kwa wingi. Na kukersiti ya Estonia, mwamba wa kipindi cha Ordovisi uliopewa jina la mahali paitwapo Kukruse, ni ulimwengu mwingine kabisa. Kerojeni yake ina oksijeni nyingi, na mafuta yake yamejaa fenoli, vitu vyenye oksijeni na tabia ya asidi hafifu, zikiwemo resosinoli zenye mikia ya alkili ambazo viwanda vya huko huzitenga kwa ajili ya gundi na bidhaa nyingine. Osheni mafuta hayo kwa sodiamu hidroksidi, sehemu kubwa itahamia kwenye maji. Na hapo ndipo ile methali yangu inapojaribiwa: mafuta ya namna hiyo yana uzito unaokaribiana na wa maji, kwa hiyo kwenye neli hayataki kuelea wala kuzama. Yanachafuka na maji yakawa kama maziwa ya kahawia. Hapo sentrifuji peke yake haitoshi. Maji yatolewe kwa kukenekwa pamoja na toluini, ndipo mafuta yahesabiwe.

Nisingependa mwondoke mkidhani uchambuzi huu ni wa biashara tu. Katika miaka ya 1930 mkemia Mjerumani Alfred Treibs alichunguza rangi zilizomo katika mafuta ghafi na katika shale, akakuta porfirini, pete kubwa zenye nitrojeni nne zilizoshikilia metali katikati, vanadi hasa. Akazifuatilia umbo lake akafika kwenye klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Magnesi ilikuwa imetoka, vanadi imeingia, mikia imekatika, lakini mifupa ya pete ilikuwa ile ile. Kabla yake watu walibishana kama mafuta yalitokana na viumbe au na metali za tumbo la dunia. Yeye alionyesha kwamba jani, au mwani, bado limo humo. Nilipoiona mara ya kwanza mistari ya porfirini kwenye spektra, yaani mchoro wa mwanga unaofyonzwa, ya sampuli niliyoiponda mwenyewe, nilinyamaza. Mwanga wa jua uliokunywewa na kiumbe wa ziwani kabla hapajawa na binadamu ulikuwa unaacha alama mbele yangu.

Mwisho ni yale ambayo mnunuzi wa mafuta haulizi. Maji yanayotoka pamoja na mafuta si maji ya kumwaga. Yana amonia, fenoli na asidi za kikaboni, na yana harufu isiyotoka kwenye koti la maabara. Masazo yanayobaki ni sehemu kubwa kuliko vyote: katika hesabu yetu ya kubuni, gramu 84.5 kati ya 100. Yakichomwa, kaboneti hugeuka chokaa kali, na mvua ikiyapitia hutoa maji yenye alkali nyingi. Huko Uskoti, ambako kazi hii ilikoma mwaka 1962, vilima vyekundu vya shale iliyochomwa bado vimesimama, wekundu wake ukiwa ni chuma kilichopata oksijeni. Ripoti ya mchambuzi inayokomea kwenye mafuta imeacha nje sehemu kubwa ya alichokigusa. Mimi sitii sahihi ripoti ya namna hiyo tena: naandika mafuta, maji na kilichomo, gesi iliyokusanywa mfukoni na kupimwa, na masazo pamoja na kile kinachochuruzika kutoka kwayo.

Kwenye meza ile ya mbele nimeweka vitu vitatu. Neli ya kwanza ina mafuta niliyoyakeneka jana asubuhi. Ya pili ina mafuta ya mwamba ule ule, yaliyokaa dirishani tangu miezi sita iliyopita. Ya tatu ina masazo, na pembeni yake kuna asidi kidogo iliyozimuliwa kwenye chupa ya kudondoshea. Vaeni miwani kabla hamjasogea. Dondosheni tone moja kwenye masazo, mtazame kama yanatoa povu, kisha mniambie tanuri langu lilifika nyuzi ngapi.